Cu Chi, Vietnam: nimepigwa na kampuni ya utalii, na penye vita wamegeuza kiwanja cha kulenga shabaha

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira. Asiye na muda apite.

Niko Vietnam kwa mambo ya korosho (mzigo mwingi wa kusini mwetu unaishia kwenye viwanda vya huku, wenye biashara hiyo wanajua). Jumapili nikaona badala ya kushinda hotelini Saigon, niende nikaone mahandaki ya Cu Chi, walimojificha wapiganaji wa Kivietnam wakati wa vita na Marekani. Nikalipa kwa kampuni moja ya pale mjini. Tangazo lao lilisema kikundi kidogo, watu wasiozidi kumi, siku nzima, na tunakwenda Ben Duoc.

Asubuhi likaja basi kubwa limejaa mpaka kiti cha nyuma. Na halikwenda Ben Duoc, lilikwenda Ben Dinh.

Kwa asiyejua tofauti: sehemu zilizofunguliwa kwa wageni Cu Chi ni hizo mbili. Ben Dinh iko karibu na jiji, kama kilomita 50, na ndiko mabasi yote yanakomwaga watu. Ben Duoc iko mbele zaidi, ina nafasi, na ndiko liliko hekalu la kumbukumbu lenye majina ya waliokufa zaidi ya 40,000 yaliyochongwa ukutani. Mimi nilitaka yale majina. Ningejua tunaishia Ben Dinh nisingetoa hata senti.

Na kabla hata ya kufika, tukateremshwa kwenye karakana ya sanaa wanakofanya kazi watu wenye ulemavu, wengine wakielezwa kuwa ni waathirika wa Agent Orange, ile sumu ya kuua mimea iliyomwagwa na Wamarekani wakati wa vita. Sina ugomvi nao kabisa. Kuna dada alikuwa anabandika vipande vya maganda ya mayai kwenye ubao mweusi, kimoja kimoja kwa kibanio, kazi ya macho na subira, ningeweza kumtazama mchana kutwa. Ugomvi wangu ni na kampuni, ambayo haikuweka kituo hicho kwenye ratiba, halafu ikatuacha dukani hapo muda mrefu kuliko tuliokaa chini ya ardhi. Muongozaji alikuwa mlangoni anaangalia nani katoka na mfuko.

Sasa huyo muongozaji. Mahandaki haya watu walianza kuyachimba mwishoni mwa miaka ya 1940 wakipigana na Mfaransa, kwa majembe mafupi na vikapu. Wakati wa Mmarekani mtandao ukafika kama kilomita 250, wenye ghorofa kwenda chini, jikoni, maghala, hata vyumba vya upasuaji. Januari 1966 Wamarekani na Waaustralia wakaleta askari wapatao 8,000 kusafisha eneo. Hawakulimaliza. Mwaka huo huo divisheni ya 25 ya Marekani ikajenga kambi yake Cu Chi hapo hapo, ikawa inashambuliwa usiku na watu wanaotokea ardhini. Unadhani tuliambiwa hata robo ya haya? Tuliambiwa vichekesho. Kwenye mitego ya mianzi iliyochongwa, ile ya kumtoboa mtu miguu, jamaa akaigiza Mmarekani anavyolia, basi zima likacheka. Mimi akanitazama tumbo akasema "Afrika hapiti". Nikapita.

Jiko la Hoang Cam, lile la kuficha moshi ambalo mimi ndilo nililokuwa nalisubiri, alilitengea nusu dakika tu. Moshi unapitishwa kwenye mifereji na vyumba kadhaa vya udongo, unapoa na kupungua njiani, ukitokea juu umeshakuwa mwembamba unachanganyika na ukungu wa alfajiri, ndege haioni kitu. Matundu ya hewa yamefichwa kwenye vichuguu, na mbwa wa Wamarekani walipoanza kuyanusa, wenyeji wakaweka pilipili na sabuni za Wamarekani wenyewe. Nilitaka kuchungulia tundu moja. "Haraka, haraka, kuna kundi nyuma."

Kipande cha kupita wageni kimepanuliwa na kina taa, unatembea umechuchumaa. Ukuta niliushika, mgumu kama tofali la kuchoma. Mbele yangu kijana kasimama anajirekodi, foleni imeganda, jasho linaingia machoni. Na muda wote huo, ta-ta-ta-ta juu. Siyo kanda. Pembeni kuna uwanja wa risasi za kweli, bunduki za AK na M16, unanunua risasi kwa mafungu ya kumi kumi, na ukimaliza kuna aiskrimu. Watu walikufa kwa mlio huo hapo hapo, leo unauzwa karibu na maji baridi.

Najua kuna atakayekuja kusema ni nchi yao, wacha watafute hela. Sawa, na wao walioshinda vita wana haki kuliko mimi. Lakini nilishafika Vinh Moc, mkoa wa Quang Tri, ambako kijiji kizima kilihamia chini kukwepa mabomu na watoto 17 wakazaliwa humo humo. Hakuna aliyeniuzia risasi, na sikusikia mtu akipiga kelele. Kumbe inawezekana, huku huku Vietnam.

Mwishoni tukapewa mihogo ya kuchemsha na karanga za kusaga, chakula cha wapiganaji. Mihogo mitamu, siwasingizii. Wengi waliimega kidogo wakaacha. Saa saba tuko barabarani kurudi, "siku nzima" ndiyo hiyo.

Nimewaandikia nirudishiwe hela. Wamejibu kwamba ratiba hubadilika kutokana na hali ya barabara, na kama pole wananipa punguzo la safari yao ya delta ya Mekong. Yaani umenipiga, unanikaribisha nipigwe tena!

Anayekuja huku: kabla hujalipa, waandikie wakutajie kwa jina, Ben Dinh au Ben Duoc, na vituo vyote vya njiani. Wakizungukazunguka, achana nao, mabasi ya kawaida yapo, unabadilishia Cu Chi mjini. Jina la kampuni siliweki hapa, anayelihitaji aje PM.