Wrasi chui ametoka mchangani baada ya siku nne, na kula hataki

Nuru_Matumbawe aliandika:

Habari zenu wakubwa. Naombeni ushauri kabla sijafanya la kujutia.

Tangi langu la samaki wa maji ya chumvi ni la lita 300, lina miezi saba. Jumatano ya wiki iliyopita nilimleta samaki wrasi chui jike, yule Macropharyngodon bipartitus, ana urefu wa kidole changu cha kati. Nilimzoesha maji taratibu kisha nikamwachia. Hakuzunguka hata mara moja. Alipiga kichwa chini, mchanga ukatimka, akapotea. Siku ya kwanza nikasema amechoka na safari. Ya pili nikaanza kuchungulia na tochi. Ya tatu mume wangu akaanza kunicheka, eti nimenunua mchanga. Ya nne uvumilivu ukaniishia, nikachukua kijiti cha plastiki nikachokoachokoa ile kona aliyozamia. Akachomoka, akagonga kioo, akajifukia upande wa pili.

Juzi asubuhi ametoka mwenyewe. Anapita pita kwenye mawe, anageuza jicho moja moja, anadonoa. Ila chakula nikitia, chembechembe anazitema, na uduvi wa misisi wa kugandishwa anausogelea, anautazama, anauacha upite. Tumbo limeingia ndani. Na ikifika saa nane mchana, taa zikiwa zimewaka kabisa, anarudi mchangani na ndiyo mpaka kesho.

Joto ni nyuzi 26, chumvi 1.025, amonia na naitraiti hakuna, naitreti iko 10. Mchanga ni matumbawe yaliyosagwa, chembe za milimita 3 hivi, kina chake sentimita 3 au 4. Wenzake ni samaki klauni wawili na wrasi mstari-sita mmoja ambaye ndiye mwenye tangi, sisi wengine ni wapangaji. Nalisha mara mbili, asubuhi na saa moja jioni.

Asipotoka tena nimfukue? Na kuna mtu ameniambia nimtie dawa ya shaba kwa sababu lazima ana vimelea. Ni kweli?

kaka_skima alijibu:

Dada pole. Mimi kwangu samaki wa mwituni asiyekula ana vimelea mpaka athibitishe kwamba hana. Mtoe, mweke tangi la karantini, shaba siku 30, halafu ndiyo tuongee habari za chakula. Ukimwacha humo akimwaga vimelea na klauni nao utawapoteza.

mzee_wa_mchanga alijibu:

Dada Nuru, kwanza kile kijiti. Kiondoe hapo. Kipeleke chumba kingine kabisa.

Nasema hivi kwa kuwa wangu wa kwanza nilimuua kwa mkono huu huu ninaoandikia. Siku ya tano nilipitisha vidole mchangani kama mtu anayetafuta sarafu, nikampata, nikamwinua nihakikishe yu hai. Alikuwa hai. Kesho yake hakuwa. Samaki huyu hana silaha nyingine, mchanga ndio kila kitu chake. Ukimfukua umemwonyesha kwamba hata huko hakuna salama. Na akichomoka kwa hofu anagonga mdomo, na mdomo ndio unaoumia mapema kwa jamii hii. Hata ndani ya mfuko wa safari anajaribu kuchimba, anachimba plastiki saa nyingi, anafika midomo imevimba. Kesho akitoka mtazame kwa karibu. Ukiona wekundu au uvimbe, basi umejua kwa nini anatema chembechembe: zinamuuma.

Siku nne si kitu. Wangu wa tatu alikaa tisa, na mimi siku ya saba nilikuwa nimeshamlilia.

Saa nane mchana nayo usiiogope. Mwili wake bado unafuata saa za kule alikotoka. Atajisogeza mwenyewe, pengine wiki moja, pengine mbili tatu. Ila hapo hapo pana jambo ambalo nadhani hujaliona. Unalisha asubuhi na saa moja jioni. Saa moja jioni yeye amelala tangu saa nane! Kwa hiyo huyu samaki kwako anapata mlo mmoja kwa siku, na huo mmoja anagombea na mstari-sita.

Mlo mmoja kwa samaki huyu hautoshi hata nusu. Jina lenyewe Macropharyngodon maana yake ni mwenye meno makubwa ya kooni. Kazi yake baharini ni kutembea juu ya mwamba na mchanga mchana kutwa, anadonoa foraminifera (viumbe vidogo sana vyenye gamba), konokono wachanga wa kuonekana kwa shida, kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba), anavisaga kooni, anasogea hatua moja, anadonoa tena. Kidogo kidogo bila kukoma. Hakuumbwa kujaza tumbo asubuhi akangoja jioni.

Wangu wa pili alinifundisha hili kwa njia mbaya. Yeye alikula vizuri. Alikula misisi mbele ya macho yangu, nikawa natamba. Mara mbili kwa siku, kama wewe. Ilimchukua kama miezi miwili kwisha. Kila siku nilimwona anakula na kila siku alikuwa mwembamba kidogo kuliko jana, na kwa sababu nilimwona kila siku sikumwona. Ndiyo maana siku hizi nampiga picha ya ubavu kila Jumapili, pale pale mbele ya jiwe lile lile, na nazilinganisha. Angalia mstari wa tumbo, na angalia nyama ya mgongo nyuma ya kichwa. Tumbo likiingia unaweza kulirudisha kwa wiki chache. Mgongo ukibonyea amekwisha kula akiba yake yote na muda huna tena. Wewe hukusema habari za mgongo, kwa hiyo natumaini bado.

Sasa ningekuwa mimi ningefanya hivi, leo.

Mstari-sita atoke. Najua ni mzuri, najua mlianza naye. Lakini anakula kopepodi wale wale, ana kasi mara mbili, na kila mgeni wa umbo la wrasi kwake ni adui. Kumvua kwa wavu katikati ya mawe utabomoa tangi zima, usijaribu. Mimi nilikata shingo ya chupa ya plastiki, nikaigeuza ikaingia ndani kama dema, nikatia uduvi ndani, nikailaza chini. Aliingia siku ya pili. Klauni waliingia kwanza, mara tatu, wapumbavu wale.

Kisha mchanga. Chembe za milimita 3 zinamkwaruza kila anapozama na kila anapotoka, na kina cha sentimita 3 hakimfuniki vizuri. Usibadilishe mchanga wa tangi zima sasa hivi, utatibua kila kitu. Tafuta bakuli pana la plastiki salama, lijaze mchanga laini kama sukari, kina sentimita 7 au 8, liweke kwenye kona anayopenda. Atalipata mwenyewe. Wangu alihamia usiku ule ule.

Halafu chakula kinachotembea. Misisi iliyokufa inaelea tu, kwake si chakula, ni takataka inayopita. Yeye anafuata kitu kinachoruka ruka. Angua atemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi. Chupa ya lita moja, chumvi gramu 25 hivi, hewa ya pampu kwa nguvu, taa karibu, joto la nyuzi 27 au 28, kijiko cha chai cha mayai. Baada ya saa 24 zima hewa, maganda yataelea, mayai yasiyoanguliwa yatazama, na vitoto wanafuata mwanga. Vuta pale penye rangi ya chungwa, chuja kwa kitambaa, suuza, tia. Maganda usiyatie kabisa. Na uwatumie wakiwa wabichi, siku hiyo hiyo, maana kila kitu chenye thamani kiko kwenye kiini walichotoka nacho kwenye yai. Ukiwaweka mpaka kesho bila kuwalisha unampa samaki wako maganda yenye miguu. Wengine huwatia vitamini mara wanapotoka kwenye yai. Kazi bure, mdomo bado haujafunguka, wanaanza kula baada ya kujivua gamba mara ya kwanza.

Zima pampu za mkondo dakika kumi wakati wa kulisha, au wote wataishia kwenye kichujio. Mara nne au tano, zote kabla ya saa nane yake. Wewe uko kazini, najua. Mtafute wa kukusaidia wiki mbili hizi.

Atemia peke yao hawatamnenepesha, ni wa kumfungua mdomo. Akishawafukuza bila woga, changanya na mayai ya samaki na misisi ndogo iliyokatwakatwa, mkondo ukiwa mdogo ili vitu vyote vitembee pamoja. Kuna siku atakamata misisi kwa makosa. Hiyo ndiyo siku unayoingoja. Jaribu pia kome mbichi akiwa wazi kwenye ganda lake, mweke juu ya jiwe. Anadonoa kama anavyodonoa mwamba. Akibaki, mtoe baada ya saa mbili.

Kuhusu shaba, kaka_skima nakuheshimu lakini hapa hapana. Samaki mwenye tumbo tupu hatiwi shaba. Shaba hupunguza hamu ya kula hata kwa samaki mwenye afya. Na kwenye tangi hili ndiyo usithubutu kabisa: itaua konokono, itaua kopepodi, yaani itaua chakula pekee anachokula sasa hivi. Tibu ukiona dalili. Vitone vyeupe, kupumua haraka, kujikwangua kwenye mawe, choo cheupe chembamba kama uzi. Dada, kuna chochote katika hayo?

kaka_skima alijibu:

Sawa mzee, kwenye tangi lenye mawe sikumaanisha, nilisema karantini. Lakini nakubali kwamba kumhamisha tena sasa hivi ni mzigo mwingine juu ya mzigo.

Niongeze moja kwa watakaosoma baadaye na kutaka kuwapitisha wrasi hawa karantini tangu mwanzo: wawekeeni bakuli la mchanga humo pia, lakini uwe mchanga wa silika. Mchanga wa matumbawe hunyonya shaba, utapima kila siku na kila siku kipimo kimeshuka, unaongeza, kisha unashangaa. Hilo mimi lilinipata.

Rehani alijibu:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina Cirrhilabrus watatu, wrasi wa aina nyingine. Nao nahitaji kuwawekea bakuli la mchanga?

mzee_wa_mchanga alijibu:

Hapana ndugu yangu. Hao hulala kwenye mianya ya mawe, wanajizungushia ute kama chandarua. Kula hawana maringo. Ugomvi wao ni kuruka, funika tangi kwa wavu na usiache hata tundu la waya.

Nuru_Matumbawe aliandika:

Siku ya kumi na moja tangu niandike. Samahanini kwa kimya, nilikuwa naogopa kuandika nisije nikamtia mkosi.

Mzee, mdomo ulikuwa umevimba kweli, upande wa juu. Sikuwa nimeuona. Vitone hakuna, kupumua kawaida, choo chake cha kahawia. Mgongo haujabonyea; nilipiga picha na nimeanza hiyo ya Jumapili.

Chupa ilimnasa mstari-sita siku ya tatu. Klauni waliingia mara tano. Yeye kahamia tangi la mdogo wangu, ambako naambiwa tayari ameshajitangaza.

Bakuli aliliona siku hiyo hiyo, ila alilala pembeni yake usiku mbili, sijui ananikomoa. Sasa analala humo.

Atemia wa kwanza hawakuanguliwa, nadhani mayai yalikuwa ya zamani. Wa pili walitoka. Nikawamwaga saa tatu asubuhi, pampu zimezimwa, nikakaa chini sakafuni nisimtishe. Alisimama. Akageuza jicho. Akakamata mmoja, akasogea, akakamata mwingine, halafu akawa hana muda na mimi tena. Nililia kidogo, sina aibu.

Sasa anakula mayai ya samaki. Misisi anaikamata moja kwa kila tatu anazozitazama. Kome amemgusa mara moja, akaondoka. Saa ya kulala imesogea mpaka saa kumi jioni. Mlo wa saa nne na wa saa saba ni kazi ya mume wangu, ambaye sasa ananipigia simu kazini kuniambia "amekula vitoto kumi na vinne". Anavihesabu.

Swali: tumbo limeanza kujaa. Naweza kurudi kwenye milo miwili mwezi ujao? Na huyu wa mchezo wa kuhesabu anataka tumtafutie mwenzake.

mzee_wa_mchanga alijibu:

Miwili hapana. Mitatu, akishakula misisi bila kuitazama mara mbili na picha za Jumapili nne mfululizo zinaonyesha tumbo limevimba kuelekea nje. Kabla ya hapo baki kwenye minne. Ukitaka kupumzika, ongeza kopepodi kwenye mawe na uache kona moja yenye mwani na vipande vya mawe wazaliane humo, atajisaidia mwenyewe kati ya mlo na mlo. Ila usitegemee hao tu, lita 300 hazitamlisha peke yake.

Mwenzake awe jike, na awe mdogo kuliko huyu. Wote huzaliwa majike; mkubwa ndiye atakayegeuka dume. Wangu aligeuka ndani ya miezi kadhaa, lile tumbo jeusi lenye madoa likafifia, kichwa kikaota mistari ya kijani, nikadhani ni ugonjwa nikakaribia kumtia dawa. Lakini si mwezi ujao. Mwache kwanza huyu anenepe.

Na mwambie shemeji tochi ya usiku nayo ni kijiti.