Norfolk ya Nairobi: urithi huu ni wa nani?

Mleta mada: Wadau, kila Hoteli ya Norfolk inapotajwa tunasimuliwa yale yale. Ilifunguliwa Krismasi ya 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika Nairobi. Jengo la mawe katika mji wa mabati. Waheshimiwa wa Kiingereza walijaa pale hadi ikabandikwa jina la Nyumba ya Malodi, na veranda yake tumeijua miaka na miaka kwa jina la Lord Delamere, yule kiongozi wa walowezi.

Sasa mimi nauliza habari za veranda hiyo hiyo tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, kwa kelele alizopiga kuhusu kipande (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba), kodi, mishahara kukatwa na wanawake kulazimishwa kazi. Maelfu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu kabisa na hoteli. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia walivae wao, wampe suruali zao. Umati ukasonga. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa hapo verandani nao wakapiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wenyeji walisema ni zaidi.

Hoteli ikiuza historia, iuze yote. Habari ya siku ile iandikwe pale pale verandani, mgeni aisome akisubiri chai.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, barabara inayopita mlangoni si inaitwa Harry Thuku? Unataka nini tena? Ile ni biashara. Mtu halipii chumba ili aje kuomboleza. Halafu hoteli yenyewe ina majeraha yake: bomu la usiku wa 31 Desemba 1980 liliua watu wapatao 20. Ikajengwa upya, maisha yakaendelea.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mhudumu wa hoteli, si hiyo, nyingine ya zamani vilevile. Wanaouliza mambo haya ni wageni wenyewe, hasa wazee. Kuna mama mmoja aliitazama picha ya ukutani, wazungu watupu wamekaa na bilauri zao, nyuma yao kijana mweusi ameshika trei. Akaniuliza, "Huyu anaitwa nani?" Chini ya picha majina yote yapo isipokuwa lake. Nikamwambia ngoja nilete chai.

Mleta mada: Ndugu wa barabara, Thuku siku ile alikuwa ndani, amefungiwa. Mimi nauliza waliokuwa nje. Na hao wa 1980 nao waandikwe, sijakataa. Ukuta ni mrefu. Mhudumu, hiyo picha bado ipo?

Mchangiaji wa pili: Ipo. Naipangusa kila Jumatatu.