Bunduki ya kale kwenye posta: tuulize mwaka, au tuulize inapiga nini?

Mwanzisha mada (Ontario)

Wakuu, tujadili hili bila matusi. Naishi Kanada mwaka wa kumi na mbili sasa, na nina ugonjwa wa kukusanya vitu vya zamani. Mwaka jana niliagiza bunduki mbili kwa wauzaji wa Pennsylvania, zote kwa posta, zote kwa karatasi halali. Ya kwanza ni Martini-Henry ya jeshi la Waingereza. Ubavuni ina taji, herufi V.R., neno ENFIELD na mwaka 1879, vyote vimegongwa kwenye chuma na vinasomeka utadhani vya jana. Ya pili ni gumegume la biashara, lile la kushindilia mdomoni na kuwasha kwa cheche za jiwe. Kitako kimeliwa na mchwa, jiwe lenyewe halipo, mtambo umeganda kwa kutu.

Martini ilinifikia siku ya tisa. Gumegume lilikaa forodhani wiki tano.

Kisa? Halina mwaka. Ilikuja barua ikitaka nithibitishe kwamba limetengenezwa kabla ya 1898, maana huo ndio mpaka wa Kanada: bunduki ya kabla ya mwaka huo isiyotumia viasi, yaani risasi zilizofungwa tayari na baruti kwenye ganda, inahesabiwa ya kale, haidaiwi leseni wala usajili. Wamarekani nao, kwa sheria yao ya 1968, wanahesabu mpaka 1898 yenyewe. Kwa hiyo bunduki iliyotoka kiwandani 1898 ikiwa Buffalo, upande wa Marekani, ni pambo la ukutani. Ikivuka mto Niagara hadi Fort Erie inakuwa silaha ya kuombewa leseni. Mto ni huohuo, bunduki ni ileile.

Na Martini, mbona inatumia viasi? Kuna kanuni ya Kanada ya 1998 inayokubali bunduki ndefu ya viasi ya zama hizo, mradi tundu la mtutu liwe milimita 8.3 au zaidi na isiwe na magazini. Martini inapita hapo kifua mbele. Ukiipatia kiasi, nacho ni kinene kama dole gumba, inaangusha nyati. Gumegume langu haliangushi hata kunguru, lakini ndilo lililoshikwa.

Habari ya kutenganisha silaha za zamani na mpya si ngeni kwetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini uliacha mlango kwa gumegume la mtutu laini na baruti ya kawaida. Nia yao ilikuwa mbaya, bunduki nzuri wabaki nazo wao. Ila swali lao lilikuwa la maana: hawakuuliza imetengenezwa lini, waliuliza inafanyaje kazi.

Hoja yangu ni hiyo. Mpakani tuache kuuliza mwaka, tuulize inapiga nini. Kama risasi yake haiuzwi popote duniani, posta iipitishe.

Dada wa Birmingham

Kaka, hongera kwa makusanyo, ila nakupinga, na nakupinga kwa bunduki yako mwenyewe. Hilo gumegume huenda limetoka kwetu. Katikati ya mji huu kuna kitongoji ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la bunduki, na katika karne ya 18 na ya 19 zilitoka hapa bunduki za biashara kwa maelfu kwa maelfu kwenda Afrika, nyingi Afrika Magharibi, nyingine zikabadilishwa kwa watu waliouzwa utumwani. Angalia juu ya mtutu karibu na mtambo. Ukiona fimbo mbili za kifalme zimepishana na taji juu yake, huo kwa kawaida ni mhuri wa nyumba ya kupimia bunduki iliyoanzishwa hapa 1813.

Sasa turudi kwenye swali lako zuri. Uingereza ndivyo ilivyokuwa ikiuliza! Sheria ya silaha ya 1968 iliziacha huru bunduki za kale zinazowekwa kama pambo, na serikali ikawa na orodha ya risasi zilizokufa, yaani zisizotengenezwa tena: kama bunduki yako inapiga aina iliyomo kwenye orodha, chukua uweke sebuleni. Akatokea muuzaji wa Gloucestershire, mtu mzima, mwenye leseni. Alikuwa akileta bastola za kale kutoka Marekani, karatasi nyingine za kweli na nyingine za uongo, kisha anakaa bandani kwake anazitengenezea risasi. Risasi za mkono wake ziliokotwa kwenye matukio zaidi ya 100 ya uhalifu. Kuna iliyohusishwa na waliojaribu kuipiga helikopta ya polisi kwenye ghasia za 2011 hapahapa mjini. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30.

Risasi iliyokufa ilifufuka, kaka. Ndiyo maana kanuni mpya za Machi 2021 zilitoa aina 7 za risasi kwenye orodha, na zikaongeza hichohicho unachokikataa, tarehe: bunduki iwe imetengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939. Huku tumeuliza inapiga nini, tukazika watu.

Mwanzisha mada

Dada, hapo umenibana. Nakubali kwa bastola. Bastola inaingia mfukoni, na hakuna jambazi atakayetembea mjini na Martini ya zaidi ya mita. Basi narekebisha: bastola zote, za kale kwa mpya, zisipite posta kabisa. Wamarekani walizuia bastola kwenye posta ya raia mwaka 1927, tatizo wakaziachia za kale. Wangefunga na huo mwanya. Lakini gumegume? Nani duniani anatengeneza kiasi cha gumegume?

Mzee wa Tabora

Mwanangu, shikamoo yako sijaisikia lakini nimeipokea. Umeuliza nani anatengeneza kiasi cha gumegume. Hakuna, kwa sababu halihitaji! Huku kwetu gobori linashindiliwa kipande cha nondo, nati ya baiskeli, hata kokoto. Kwa kipimo chako cha "risasi yake haiuzwi popote", gobori lingekuwa toi la watoto. Nenda pori lolote uwaulize askari wa wanyamapori majangili wanakamatwa na nini. Mimi mwenyewe nimemzika shemeji yangu aliyepigwa gobori usiku akidhaniwa nguruwe pori shambani. Marisawa kumi na moja yalitolewa mwilini, mengine yalikuwa vipande vya msumari.

Hilo la Brussels ulilolisifu, babu zetu walipigana Majimaji na hayohayo magobori. Waliyeyushwa na bunduki za rasharasha, ni kweli, lakini usiniambie gobori si silaha. Hapa ukikutwa nalo bila kibali ni kesi, liwe la juzi au la enzi za Mirambo.

Nizwa

Salaam aleykum. Mimi nataka kuongeza moja tu. Oman bunduki ya kale ni vazi. Soko la Nizwa siku ya Ijumaa utawakuta wazee wanazishika, wanazigeuza, wanazipigia bei kama mbuzi wa mnada ulio hapo jirani. Kwenye ngoma ya razha watu wanacheza nazo pamoja na panga. Babu yangu alizaliwa Unguja, alirudi na jambia na bunduki, hakurudi na kabati. Mkiweka sheria, kumbukeni kuna watu ambao kwao kitu hicho ni urithi, na urithi hauna risiti.

Mpanga Vifurushi

Wakuu, nimefanya kazi miaka sita kwenye ghala la vifurushi, nchi siitaji. Ninyi mnabishana mwaka na risasi. Sisi tulikuwa tunaona kivuli kwenye skrini. Gumegume na bunduki ya jana vikilazwa kwenye boksi vinatoa kivuli kilekile: mrija, mti, kifyatulio. Mkanda unasimamishwa, tunatolewa nje, tunasubiri wenye kujua. Siku moja tulisimama nje dakika arobaini kwenye baridi kwa ajili ya bomba la kinanda. Ninachoomba si sheria mpya, ni karatasi kubwa nje ya boksi yenye picha ya kitu na ya mihuri yake. Mtumaji asiyetaka kuibandika, ana lake.

Mwanzisha mada

Mzee, shikamoo, samahani, na pole sana kwa shemeji. Mpanga Vifurushi, hiyo picha naiunga mkono kwa mikono miwili.

Mzee, ninachosema ni kwamba jangili wa huko haagizi gumegume Pennsylvania. Analichonga mhunzi wa kijijini kwa bomba la usukani wa gari. Kuzuia kifurushi changu hakuokoi tembo hata mmoja. Nililolipia mimi, na ushuru wa posta juu yake, ni ghali kuliko bodaboda.

Dada, nimeangalia mtutu. Fimbo mbili na taji vipo, hafifu, inabidi uinamishe taa. Kwa hiyo huenda ni ya 1813 au baadaye, lakini forodha ilitaka kabla ya 1898, na mhuri hausemi.

Mzee wa Tabora

Marahaba. Swali langu la mwisho halina sheria. Hilo gumegume lilipofika, ulilitia mdeki, ule ufito wa kushindilia?

Mwanzisha mada

Mdeki upo mzee, umechomekwa chini ya mtutu, umeoza ncha. Kwa nini?

Mzee wa Tabora

Chukua ufito ulionyooka. Ingiza taratibu mdomoni hadi ugote, weka alama kwa kucha, utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikifika kwenye kile kitundu kidogo ubavuni pa kupitishia moto, liko tupu. Usisogeze uso mbele ya mdomo. Magobori ya marehemu tunayarithi hivyo, wenyewe walikufa kabla ya kufyatua.

Mwanzisha mada

Nimetumia mpini wa dekio. Ncha imeishia vidole vinne kabla ya kitundu.

Nimerudia mara mbili. Vidole vinne.

Nimelipeleka gereji, nimewatoa watoto nje, nimepiga simu polisi na sasa nawasubiri. Mpanga Vifurushi, ongeza kwenye karatasi yako mstari wa mdeki, na uwe wa kwanza.