MJADALA: Vyama vya udugu kama Freemason na Odd Fellows vinakwisha, vibadilike au vibaki vilivyo?

MLETA MADA: Wakuu habari zenu. Naleta hii mada kwa sababu kila ukigusa habari za Freemason watu wanakimbilia damu na mashetani, mjadala unafia hapo hapo. Swali langu ni hili, vyama vya udugu vya kizamani, Freemason, Odd Fellows na wenzao, vinaishiwa watu, sasa vifungue milango na kuachana na mambo ya zamani au vishike utaratibu wao hata kama watabaki wazee watupu?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wapo wanaosema tatizo ni usiri, wapo wanaosema TV na simu ndo zimemaliza kila kitu. Mi naona vilianza kufa pale vilipoacha kuwa vyama vya kufa na kuzikana.

Odd Fellows wa Marekani walianza mjini Baltimore mwaka 1819 chini ya Thomas Wildey, na agizo lao ni kumtembelea mgonjwa, kumsaidia mwenye dhiki, kumzika marehemu na kumsomesha yatima. Na walikuwa wanafanya kweli. Umeugua huendi kazini, loji, yaani tawi lako la chama, inakulipa posho kila wiki, wanateuliwa watu wa kuja kukesha na wewe kwa zamu ili mkeo naye apate usingizi, ukifa ni wao wanakuzika na mjane anapewa chochote. Kibarua wa miaka ile asipokuwa na kitu kama hicho familia inaishia kuombaomba. Padri Michael McGivney alipoanzisha Knights of Columbus, chama cha udugu cha Wakatoliki, kule New Haven, Marekani, mwaka 1882 alikuwa anaangalia hilo hilo, baba wa familia ya wahamiaji anakufa na nyumba nzima inasambaratika.

Halafu serikali ikaingia, Uingereza wakaleta bima ya taifa 1911 na huduma ya afya ya taifa 1948, Marekani wakapitisha sheria ya hifadhi ya jamii 1935, waajiri nao wakaja na bima za makundi. Mtu anajiuliza ada nalipa ya nini tena? Kilichobaki ni aproni na mikufu ya kuvaa kikaoni na kusoma mihtasari ya kikao kilichopita. Freemason wa Marekani mwaka 1959 walikuwa zaidi ya milioni 4, leo hawafiki hata milioni moja. Karibuni.

JIBU: Mkuu hoja yako nzuri ila hesabu haikai. Hifadhi ya jamii ni 1935, kilele cha Freemason ni 1959, yaani miaka 24 baada ya serikali kuingia bado walikuwa wanaongezeka! Kama bima ndo iliwaua mbona walinenepa kwanza? Halafu Freemason hawakuwahi kuwa chama cha bima kama Odd Fellows, wao msaada ni hisani, sio haki ya mwanachama.

JIBU: Na mimi niongeze hapo, hicho unachokililia ndicho kilichozika vyama vingi. Kuna kimoja cha Marekani kilianza 1868, Ancient Order of United Workmen, mwenzenu akifa kila mwanachama anatoa dola moja, mjane anapewa. Mwanzoni wote vijana, vifo vichache, raha tupu. Miaka inaenda wanachama wanazeeka, vifo vinafuatana, leo dola kesho dola, vijana wakaona wanakamuliwa wakakimbia, waliobaki ndo wazee wenyewe wanaokaribia kufa. Huo mfumo ulikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, serikali isisingiziwe.

JIBU: Kaka mleta mada mbona umeruka jambo kubwa kabisa, nusu ya binadamu hawaruhusiwi kuingia loji nyingi za Freemason! Chukua Rotary, zile klabu za kujitolea, walikuwa wanaume watupu tangu 1905, klabu moja ya Duarte huko California ikapokea wanawake, ikafukuzwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1987 wakuu wa Rotary wakashindwa. 1989 wakabadilisha kanuni dunia nzima. Wamekufa? Wako zaidi ya milioni moja hadi leo. Ufaransa nako Le Droit Humain ni Freemason wa wanaume kwa wanawake tangu 1893, Grand Orient de France, shirikisho kubwa la loji za Freemason huko, ikafungua mlango 2010. Udugu gani huo unaomwacha dada nje?

JIBU: Dada yuko sahihi na sio wanawake tu. Kupokea mtu mpya kwenye loji nyingi ni kwa kura ya siri, unatumbukiza gololi nyeupe au nyeusi kwenye sanduku, na kwa desturi hata nyeusi moja inatosha kumkataa mtu, hakuna anayeulizwa sababu. Prince Hall na wenzake weusi wa Boston walijiunga 1775 kupitia loji ya wanajeshi wa Uingereza, na hati ya loji yao ikabidi waiombe London, ikatolewa 1784, maana wenzao wa pale pale hawakutaka kukaa nao. Loji za Prince Hall zipo mpaka leo. Kwa hiyo unapolilia vyama hivi ulilie ukijua nani alikuwa ndani na nani alifungiwa nje.

JIBU: Usiri nao usiupuuze. Kwa sababu watu hawajui nini kinaendelea ndani, matapeli wanajaa mitandaoni, jiunge Freemason upate utajiri, tuma pesa ya fomu, na watu wanatuma kweli! Loji halisi haimwahidi mtu utajiri, mwanachama ndo anatoa ada. Wangekuwa wanajieleza hadharani matapeli wasingepata nafasi.

MLETA MADA: Nimesoma wote, asanteni. Wa 1959, wale waliojaa baada ya vita kuu ya pili wengi walikuwa wametoka jeshini, walizoea kukaa na wenzao wakaenda loji kutafuta wenzao. Watoto wao hawakuwafuata, na mtoto hafuati kikao ambacho hajawahi kukiona kikimsaidia mtu. Wakabaki na majengo makubwa yanayovuja, ada haitoshi hata ukarabati, wanauza.

Wa dola moja, sisemi warudi kuwa kampuni ya bima. Kukesha na mgonjwa hakuhitaji mfuko. Bima inalipa bili ya hospitali, haikai na wewe saa nane usiku, haimpeleki mwanao shule wakati umelazwa, na watu wanaoishi peke yao bila wa kuwajulia hali wako wengi mno siku hizi. Hiyo kazi iko wazi kabisa na hakuna anayeigombania.

Dada, kwa hilo nakuunga mkono bila masharti, na gololi nyeusi nayo iondoke. Ila kufungua mlango tu halafu ndani ni mihtasari na vyeo, huyo mwanamke atakaa vikao viwili ataondoka kama vijana wa kiume wanavyoondoka. Loji ianze kila kikao na swali moja, nani anaumwa na nani anaenda kwake wiki hii, aproni zitafuata baadaye. Anayeona vitaishi kwa njia nyingine alete hoja nasoma.