Mnaofanya kazi za misaada, mkirudi nyumbani kichwa mnakiwekaje sawa? Tupeane uzoefu

Mtu wa Foleni (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mtu wa miradi, makazi Nkuhungu. Mwaka 2015 nilikuwa Kigoma, wakati wakimbizi wa Burundi walipojazana kijiji cha mpakani cha Kagunga kwa makumi ya maelfu, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kazi yangu ilikuwa foleni: kupanga watu, kukagua kadi, kuhesabu kaya.

Mkataba ukaisha, nikarudi Dodoma. Haikupita muda nikaalikwa ubatizo Ipagala. Saa ya chakula ilipofika watu wakapanga mstari wa pilau. Mwenzenu nikaanza kuhesabu vichwa, watano watano. Nikamtoa mama mwenye mtoto mgongoni nikampeleka mbele, kisha nikawa nawakagua kwa macho waliopita mara mbili. Mwenye shughuli akacheka, akadhani nasaidia. Mikono ilikuwa inatetemeka, na chakula sikugusa.

Siku ya kuondoka kazini niliulizwa kompyuta iko wapi, kitambulisho kiko wapi, koti la shirika liko wapi. Nikarudisha, nikasaini, basi. Habari ya nalala vipi haikuwemo kwenye fomu.

Uliyepita huko, nini kilikusaidia kweli? Ya semina tunayajua, leteni ya kwenu. Mnaojitolea bila mshahara karibuni sana, nyie ndio wengi.

Babu Zabibu

Mwanangu pole. Mimi nilijitolea kwenye ajali ya treni ya Juni 24, 2002, huku kwetu Msagali na Igandu. Kwa vijana wasioijua: treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima, breki zikakataa, ikarudi kinyumenyume mpaka ikagongana na ya mizigo. Watu 281 wakafa. Enzi zile mambo ya ushauri nasaha hatukuyasikia. Tulibeba, tukanawa, tukaenda makwetu. Wenzangu kadhaa walianza kushinda kilabuni na hawakutoka tena.

Mimi kilichonishika ni shamba. Nina zabibu Hombolo. Kupogoa hakutaki papara: unashika tawi, unahesabu macho yake yanayochipua, unaacha mawili au matatu, unakata. Nikiwa kwenye kazi hiyo zile picha zilikuwa zinanipa nafasi ya kupumua. Mke wangu alikuwa analeta uji, anakaa pembeni, haulizi kitu. Baadaye sana, siku moja tu nikajikuta namsimulia habari ya tenga la kuku tulilolikuta kando ya behewa. Kuku wazima wote, wanalia. Mwenye tenga hatukumpata. Hadi leo kwangu hatufugi kuku, na mke wangu hajawahi kunibishia.

Chaki Nyeupe

Poleni, ila semeni ukweli. Posho ya kulala nje, V8, maji ya chupa, bado mnataka kubembelezwa? Mwalimu wa huku Bahi darasa limefurika mpaka mlangoni, nani anamuuliza analala vipi?

Sukani Hailali

Chaki, V8 yenyewe mimi ndiye ninayeiendesha, na si yangu.

Desemba 2023 tope lilipoporomoka kutoka mlima Hanang likafunika nyumba za watu Katesh, nilikuwa huko. Nilipeleka mablanketi, na kurudi nilipakia chochote nilichoambiwa nipakie, nadhani mnanielewa. Baada ya siku kadhaa shirika likaleta mtaalamu wa ushauri. Watumishi wakaitwa ukumbini. Nikauliza, na mimi je? Nikajibiwa, "Dereva kaa karibu na gari, tukimaliza tutakuita." Wakamaliza, nikawarudisha hotelini.

Sasa fikirini. Watu hao hao walikuwa wanalia ndani ya gari langu njia nzima. Nasikia yote, nami natakiwa nisione kitu zaidi ya barabara. Mlinzi na mpishi hali ni hiyo hiyo. Mkalimani ndiyo usiseme: mama anaeleza alivyompoteza mtoto, halafu yule kijana inabidi atamke "nilimpoteza mwanangu" kwa kinywa chake mwenyewe, kutwa nzima, mama baada ya mama.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja tuliyekuwa naye safarini. Tulipofika Singida akasema, kaka simamisha, tule. Akazima simu. Akaniuliza nimelala saa ngapi jana, akanyamaza kusubiri jibu. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Aliporudi Dodoma akanisemea ofisini, safari za dharura tukaanza kwenda madereva wawili.

Nesi wa Zamu

Sukani, huyo muuguzi alikupa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Upo mwongozo wake wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2011, umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Haihitaji uwe daktari, na humlazimishi mtu kusimulia. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka unamtafutia chakula, usingizi na namna ya kuongea na familia yake.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinapopotea. Watu wametoka kwenye tukio juzi, wanawekwa duara, kila mmoja asimame aeleze alichokiona. Shirika hilo hilo la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Hakizuii madhara, na mtu mwingine anatoka pale amebeba na ya wenzake.

Kushtuka usiku, hasira za karibu, kukosa hamu ya kula: wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Ukipita mwezi hali ni ile ile, au hulali bila pombe, muone mtaalamu. Ukiwaza kujidhuru usingoje mwezi, nenda leo na mtu unayemwamini.

Najua mtaniambia, Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Hapa mjini likitajwa jina hilo watu wanaanza utani. Wapo wanaokuja kofia imeshuka mpaka puani, wanasema wamemleta mgonjwa, na mgonjwa haonekani. Wanahudumiwa, wanarudi kazini, na waliokuwa wanawatania hawana habari.

Chaki Nyeupe

Dereva nimekuelewa. Wa viti vya nyuma bado. Na walimu nao wafunguliwe uzi wao.

Mama Fildi

Nasimamia mradi, niseme la upande wa ofisi. Ukiandika "ustawi wa wafanyakazi" kama kifungu cha peke yake, kwa uzoefu wangu ndicho cha kwanza kukatwa. Sisi tumekiweka ndani ya gharama za dharura. Mtu akitoka kwenye tukio anapata mapumziko ya malipo, barua pepe hafungui, na dereva yumo.

Kigingi ni anayejitolea. Hana mkataba, kwa hiyo likizo ataidai wapi? Tunampa nauli ya kufika kwao, kisha anapigiwa simu baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi. Anayepiga asiwe bosi wake. Kwa bosi kila mtu yuko poa, maana anawaza jina lake lisikatwe safari ijayo. Sisi anapiga dada wa mapokezi. Anapenda stori, na watu wanamwambia mambo ambayo mimi nisingeambiwa hata kwa dawa.

Mtu wa Foleni

Mama Fildi, hilo naenda nalo Jumatatu. Kwetu anapiga bosi, na simu hiyo hiyo anamalizia na "ile ripoti vipi?"

Sukani, wewe uko Dodoma? Babu Zabibu shikamoo, Jumamosi kuna kupogoa tuje?

Sukani Hailali

Niko Chang'ombe. Jumamosi sina safari.

Babu Zabibu

Marahaba. Kupogoa bado, sasa hivi ni palizi. Njooni asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila mtu aje na jembe lake, la kwangu mpini umevunjika.