Hivi neno "shenanigans" maana yake hasa ni nini na limetokea wapi?

Kipepeo wa Moro:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa hili neno shenanigans. Bosi wetu kasafiri, kaandika kwenye grupu la kazini kwamba hataki shenanigans yoyote akiwa hayupo, watu wakacheka na mimi nikacheka japo sijui nacheka nini 😂 Dikshenari inaniambia ni utundu, sawa, ila nikalikuta tena kwenye habari ya kampuni ya Marekani iliyopika mahesabu, sasa na huo nao ni utundu jamani? Na mbona halifanani na Kiingereza kabisa?

Ticha Mstaafu:
Yote mawili ni sahihi mkuu, inategemea anayetajwa ni nani. Washkaji wamemfichia mwenzao viatu, au wanafunzi wa bweni wanaruka ukuta usiku, hapo ni utundu, vituko, unacheka yanaisha. Likishaingia kwenye siasa au hela linabadilika, hapo ni figisu na janjajanja, ila bado lina kautani ndani yake, ndio maana bosi wako kalichagua. Angeandika wizi au uzembe mngenuna wiki nzima. Matamshi ni she-NA-ni-genzi, mkazo kwenye NA, na siku hizi karibu kila mara linasemwa kwa wingi.

Kijana wa Pwani:
Asili yake Kiairishi hiyo. Wana neno sionnach, maana yake mbweha, na kitenzi chake ni kama kufanya ujanja wa mbweha. Wangekuwa Waswahili wangesema kufanya usungura 😀 Kesi imefungwa.

Mpekuzi:
Taratibu kaka, haijafungwa hata kidogo. Maandishi ya zamani kabisa yenye hilo neno hayatoki Ireland, yanatoka California, kwenye gazeti la San Francisco mwaka 1855, na hapo liko kwa umoja, shenanigan, kwa maana ya hila na udanganyifu. Sasa fikiria California ya miaka hiyo, dhahabu imeonekana Januari 1848 pale kwenye kiwanda cha kupasulia mbao cha Sutter, watu wakamiminika toka kila kona, Waairishi, Wajerumani, Wameksiko, Wachile, Wachina, wote wanagombania mchanga wa mtoni na kila mtu anamuhofia mwenzake kumuibia, mahali kama hapo neno la utapeli lisizaliwe litazaliwa wapi? Ndio maana wapo wanaosema ni Kihispania, chanada, yaani hila, na wengine wanalipeleka kwenye lugha ya mitaani ya Kijerumani. Hiyo ya mbweha ni tamu kuisimulia, ila utamu sio ushahidi. Hata Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, kabla hajawa maarufu, yuko huko magharibi mwa Marekani anahangaika na machimbo, alilitumia kwenye barua ya 1862 akiwashuku watu kwamba ni wajanjawajanja. Kwahiyo lilianza na utapeli kwanza, huu utundu wa kuchekesha umekuja kukua baadaye.

Kijana wa Pwani:
Lakini Waairishi si walikuwepo hapo hapo California? Umewataja mwenyewe.

Mpekuzi:
Walikuwepo, na Wajerumani walikuwepo, na Wahispania walitangulia kabla ya wote. Ndo ugumu wenyewe huo.

Nyar Kisumu:
Huku kwetu Kenya magazeti ya Kiswahili yangeandika sarakasi. Wabunge wakirushiana maneno usiku kucha mswada usipite, hiyo ni sarakasi, na msomaji anaelewa kuna mchezo na kuna uchafu ndani yake.

Ticha Mstaafu:
Sarakasi nimeipenda kwa wabunge. Kwa mtoto aliyeficha rimoti ya TV lakini siwezi kusema amefanya sarakasi, huyo ni mtundu tu.

Kipepeo wa Moro:
Asanteni wakuu, kumbe mtu anaweza kurushiwa hili neno kwa utani na bado akawa anatuhumiwa. Hii ya bosi naichukua kama onyo 😅