Wakuu naombeni ushauri: permutesheni za duara zinanishinda kufundisha form six

Mwl wa Zamu
Wakuu habari za jioni. Nafundisha hesabu za advansi, PCM form six, shule ya kutwa. Tumefika permutesheni za duara, yaani kuhesabu njia za kupanga watu au vitu kwa mzunguko, na naona kabisa nawapoteza vijana. Za mstari wanazo, watu 8 kwenye benchi moja wanajibu 8! (8 × 7 × 6 mpaka 1) yaani 40320 bila wasiwasi. Hao hao 8 nikiwazungushia meza ya duara wanaandika 7!, 5040, jibu sahihi, ila uliza kwa nini uone, darasa zima linaangalia madaftari. Wamekariri "toa moja weka faktoria". Swali likigeuzwa kidogo tu, mara wawili wamegombana hawataki kukaa pamoja, mara shanga kwenye bangili, kila mtu anakuja na lake na wengine wanakuwa wabishi kupita kiasi. Mtihani wa taifa ni Mei, usingizi sina. Nimeandaa karatasi moja yenye fomula zote za duara nataka niwagawie Jumatatu. Mliowahi kupita hapa mlifanyaje?

Kipanga wa Songea
Tatizo ni lugha mkuu. Mtoto amesoma Kiswahili miaka 7 halafu unamletea swali refu la Kiingereza lenye watu wamekaa kwenye meza, nusu ya muda anapambana kuelewa nani kakaa wapi. Mimi enzi zangu nilifeli fizikia hivi hivi, nilikuja kuelewa mada ya mawimbi nikiwa tayari nafanya kazi bandarini. Waeleze kwa Kiswahili kwanza.

Chaki Mkononi
Mwalimu usigawe hiyo karatasi kwanza. Chukua wanafunzi 4, A B C D, waweke viti 4 katikati ya darasa kwa duara. Waambie wakae, mmoja aandike ubaoni ABCD. Sasa wote wahamie kiti kimoja kulia. Uliza: aliyekuwa mkono wa kulia wa A amebadilika? Hajabadilika. Aliyeko mkabala naye je? Yule yule. Wahame tena, na tena. Ubaoni utakuwa na ABCD, BCDA, CDAB, DABC, kwenye mstari hiyo ni mipangilio 4, kwenye duara ni 1. Kwa hiyo ile 24 imegawanyika kwenye vifurushi vya nne nne, vifurushi 6. Hapo ndo 3! inapotoka, na wakiiona kwa macho hawaisahau.

Njia ya pili ni kumkalisha mtu mmoja kwanza popote, kwa sababu viti havina tofauti, halafu wengine waliobaki unawapanga kwa kumtazama yeye. Hii ndo inasaidia kwenye maswali ya ugomvi. Watu 8, wawili hawakai pamoja: mkalishe mgomvi wa kwanza, wa pili ana viti 5 kati ya 7 maana viwili vya pembeni ni marufuku, waliobaki 6!. 5 × 720 = 3600. Halafu wafanye kwa njia ya kutoa, 5040 toa 2 × 720, inakuja 3600 ile ile. Mtoto akiona njia mbili zimekutana anaanza kujiamini.

Babu Kahawa
Hapo kwa wagombanao umenikumbusha harusi ya mtoto wa dada yangu, meza za duara za watu kumi kumi, na kuna shangazi wawili hawasalimiani tangu mirathi ya babu. Kamati ilikesha inapanga majina. Tukawaweka mkabala tukidhani tumemaliza kazi, kumbe wakiwa mkabala ndo wanaonana vizuri zaidi 😂 Mwalimu tumia harusi, kila mtoto wa Kitanzania anaijua hiyo shida.

Mama Shanga
Mwanangu mimi natunga shanga na kuuza, hesabu niliishia form four. Umetaja bangili ukapita haraka. Hilo swali lilikuwaje? Na hao wabishi ni akina nani, maana umewataja kwa uchungu.

Mwl wa Zamu
Shikamoo mama. Swali lilisema shanga 6 za rangi tofauti zinatungwa kuwa bangili, zinaweza kupangwa kwa njia ngapi. Ukizungusha ni 5! = 120, na bangili inageuzika chini juu kwa hiyo unagawa kwa 2, jibu 60. Kuna mwanafunzi aliandika 360. Ndo huyo mbishi.

Mama Shanga
Marahaba. 360 kaitoa wapi?

Mwl wa Zamu
Anasema bangili ina kishikizo. Kwa hiyo huwezi kuzungusha shanga zikapita kishikizo, mwanzo na mwisho vinajulikana, ni kama mstari, 6! = 720, ila unaweza kuivaa kwa kuigeuza, ndo akagawa kwa 2.

Chaki Mkononi
Mwalimu, mbona yuko sahihi kabisa kwa bangili yenye kishikizo. Ulimpa ngapi?

Mwl wa Zamu
Sifuri.

Naomba mnielewe. Skimu ya kusahihishia inasema 60. Swali halikutaja kishikizo. Kwenye mtihani unajibu kilichoandikwa. Matokeo ya mock yalishaenda kwa mwalimu wa taaluma na yamebandikwa, nikianza kurudisha maksi kwa mmoja kesho nina foleni ya 40 ofisini. Na kusema kweli kilichonileta hapa ni kwamba huyo binti ndo alikuwa anauliza maswali darasani kuliko wote, nilipomkatalia mbele ya wenzake akaniambia "sawa mwalimu, nitakuwa naandika fomula." Tangu hapo haulizi kitu, na wenzake nao wamenyamaza. Ndo nikasema basi, bora niwape karatasi ya fomula wote wawe salama, mada bado ni nyingi, kuna marudio ya complex numbers na differential equations, siwezi kukaa wiki nzima kwenye viti vya duara.

Sista Msema Kweli
Walimu wa siku hizi mna haraka. Mtoto amefikiri kwa akili yake umemzima mbele za watu halafu unaita ubishi. Sisi tulifundishwa na walimu waliokuwa wanakaa mpaka saa kumi na mbili jioni bila senti ya ziada. Mtoto wa mwenzio ni wako.

Dogo wa Makumira
Ila mwl ana pointi, mtihani wa taifa hauna mahali pa kuandika "inategemea". Kwenye swali lisilotaja kishikizo mimi ningeandika 60 nikaondoka zangu.

Mama Shanga
Swali halikusema bangili ina kishikizo, sawa, halikusema pia haina. Za mpira wa kuvutika hazina, za waya na uzi wa nailoni ninazouza mimi zote zina kishikizo, bila hivo mteja anaingizaje mkono? Ningekuwa mimi ningejibu kama huyo binti.

Jicho la Tatu
Subirini kwanza. Hii stori ina matundu. Moja, tangu lini shule za sekondari zinaruhusu wanafunzi kuvaa bangili? Mbili, mwanafunzi wa form six atoe 360 na maelezo yaliyonyooka hivo, halafu mwalimu aliyesomea hesabu asimwelewe? Tatu, mbona huyu "mwalimu" anaijua hoja ya binti kuliko ya kwake mwenyewe? Mimi naona aliyefungua uzi ndo huyo binti, anatafuta watu wa kumtetea, tukimaliza anakwenda kuprinti majibu yetu anapeleka kwa mkuu wa shule.

Dogo wa Makumira
Duh. Sasa hapo hata mimi nimeingiwa na shaka 😅

Sista Msema Kweli
Kama ni binti mwenyewe basi shikilia hapo hapo mwanangu.

Mwl wa Zamu
Jicho, sijasema aliivaa shuleni. Alikuja nayo kesho yake kwenye mkoba, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, ni ya mama yake. Akaifungua juu ya meza yangu, shanga 6 kubwa na kishikizo cha chuma kile cha kubonyeza, akaisukuma ile nyekundu kwa kidole ikafika kwenye chuma ikagota. Akasema "mwalimu haipiti." Hoja yake naijua kwa sababu niliiona. Nilimwelewa pale pale, ila tayari nilikuwa na skimu mkononi na walimu wenzangu wawili wamesimama hapo. Amini usiamini, mimi kesho asubuhi nina kipindi.

Chaki Mkononi
Awe mwalimu awe binti, hesabu ni zile zile, tuendelee. Mwl, ubaya wa karatasi yako ya fomula ni huu. Wape shanga 2 nyekundu na 2 nyeupe wazipange kwa duara, kuzungusha tu bila kugeuza. Kwenye mstari ni 4! gawa kwa 2! × 2!, yaani 6. Aliyekariri kwamba duara ni kugawa kwa n, yaani idadi ya vitu, atagawa 6 kwa 4 apate moja na nusu. Mpangilio mmoja na nusu ndo nini? Sasa wahesabu kwa mkono: nyekundu mbili zikifuatana, ukizungusha unapata mistari 4 tofauti. Zikipishana moja moja unapata mistari 2 tu, kwa sababu ukisogeza hatua mbili imejirudia. 4 na 2 ni 6, duara ni 2. Kugawa kwa n kunakubali pale tu ambapo kila kifurushi kina n kamili, na hilo ni uhakika vitu vyote vikiwa tofauti. Nimefundisha kwa muda mrefu, hii inakula nusu kipindi, sio wiki.

Na kwenye viti vyenye namba duara halipo tena, ni 8! moja kwa moja. Ni hoja ile ile ya kishikizo: kitu kimeshaonyesha mwanzo uko wapi, kuzungusha kunabadilisha mpangilio.

Mwl wa Zamu
Hiyo ya moja na nusu sijawahi kuitumia, naichukua. Nimeamua hivi: maksi za mock sigusi, msimamo wangu uko pale pale, yameshatoka. Lakini Jumatatu nina vipindi viwili mfululizo, karatasi itasubiri. Naanza na viti 4, halafu nalirudisha swali la bangili ubaoni kwa sura zote mbili, isiyo na kishikizo 60, yenye kishikizo 360, na hiyo ya pili atakayeieleza mbele ni huyo binti, kama atakubali. Nitamwomba leo kabla hajatoka. Na nitawaambia wote kwamba kwenye mtihani ukiona swali halijasema, andika sentensi moja, "nachukulia bangili haina kishikizo", ndo uendelee.

Sista Msema Kweli
Maksi umrudishie tu.

Babu Kahawa
Na mimi nina swali jamani, wanandoa jozi 5 meza moja, kila mtu akae na wake, ni ngapi? Kamati inauliza.

Dogo wa Makumira
Jozi 5 kwa duara 4! = 24, kila jozi inaweza kubadilishana kulia na kushoto, 2 mara 5, kwa hiyo 240.

Chaki Mkononi
2 kwa kila jozi unazidisha, hujumlishi. 2×2×2×2×2 = 32. 24 × 32 = 768.

Jicho la Tatu
Mimi bado siamini hii stori ila hiyo ya shanga imeninyima raha. Nimejaribu nyekundu 3 na nyeupe 3, duara, napata 4. Ni sawa?

Mama Shanga
Nimezitunga sasa hivi kwenye mpira, zimekuja 3. Mbili kati ya hizo zako nne, ya nyekundu mbili nyeupe moja nyekundu moja nyeupe mbili, na ile ya kinyume chake, geuza bangili moja uone, ni moja hiyo.

Chaki Mkononi
Wote mko sawa. 4 ni kwa meza, 3 ni kwa bangili isiyo na kishikizo.